Mwaka Ambao Sikuutaja

Jambo zima lilinigharimu mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi mitano na mwaka mmoja wa shule. Upande wa mapato nilipata vikombe kumi na vinne vya mtindi, ambavyo nilivinywa palepale, kwa hiyo hakuna anayeweza kuja kuvidai. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa vidole, na jibu halibadiliki. Nilipata hasara.

Kilichonikumbusha ni harufu. Mwezi uliopita nilikata kamba za belo la majaketi pale kibandani kwangu sokoni, Arusha mjini. Mtu aliyezoea mitumba anajua belo lina harufu zake tatu: ya dawa ya nondo, ya bandari, na ya kabati la mtu usiyemjua. Safari hii ilitoka ya nne, ya karatasi kuukuu iliyolala na unyevu, kama ndani ya sanduku la kanisa. Nikapekua mpaka chini kabisa. Hakukuwa na kitu ila gazeti la kigeni lililotandikwa chini ya majaketi. Lakini nilikuwa nimeshakaa juu ya majaketi, mteja ananiuliza bei kwa mara ya tatu, na mimi simsikii. Nilikuwa Akheri, kijijini kwetu chini ya Mlima Meru, nina miaka kumi na tatu, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, na sabuni ilikuwa ya rangi moja. Ghafla maduka yakajaa: sabuni za rangi tano, mafuta ya kupaka yenye picha za wanawake wanaocheka bila sababu, biskuti za kutoka nchi ambazo hata mwalimu wetu hakuzijua. Watu wengine walifurahi. Bibi yangu hakufurahi. Alikishika kila kitu kipya kwa ncha za vidole, akakigeuza, akakinusa, akakirudisha.

"Kitu kikiwa kingi ghafla," alisema, "kuna kingine kinafichwa."

Bibi alikuwa mama yake Baba. Baba mwenyewe alikuwa machimboni Mererani akitafuta jiwe la bluu, na kwa miaka yote ile alituletea salamu nyingi kuliko mawe. Mama alipanga chumba mjini na kuuza mitumba, akija Akheri kila mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na Bibi, migomba, kahawa kidogo, na mtamba wa kisasa ambaye Mama alimpa jina Ada. Alimwita hivyo asije mtu akasahau kazi yake. Nilikuwa darasa la saba. Nikifaulu, Ada angezaa, angeuzwa pamoja na ndama wake, na mimi ningekwenda sekondari. Jioni nilimkatia majani ya tembo na kumpasulia vipande vya mgomba, na nilimtazama akitafuna kama mtu anavyomtazama karani wa benki akihesabu fedha zake.

Basi, mwisho wa mwezi wa sita, Mama alikuja na kitabu. Alikikuta katikati ya belo la makoti ya baridi, kimefungwa ndani ya shuka. Belo linauzwa kwa kilo, kwa hiyo Mama alielewa mara moja kwa nini kilikuwa mle.

"Wametuibia kilo mbili," alisema, akakitupa mapajani pangu. "Soma. Tumeshakilipia."

Kilikuwa kitabu kikubwa cha watoto wa shule wa Kizungu, chenye picha za kuchorwa, na kilikuwa na jambo moja la ajabu: kilieleza mwaka mmoja tu. Mwanzo mpaka mwisho kilisema nini kilitokea duniani mwaka 1816, nchi baada ya nchi, mwezi baada ya mwezi. Na kwenye pembe ya juu ya kila ukurasa mwaka huo ulikuwa umeandikwa upya, kana kwamba mwandishi aliogopa wasomaji watauiba. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Kamusi yangu ilikuwa imechanwa kurasa za mwanzo, ikianzia herufi D, hivyo maneno yote ya A, B na C niliyakisia. Hata hivyo nilisoma, maana Akheri mwezi wa saba hakuna kingine cha kufanya. Shule imefungwa, baridi imekaa mifupani, mlima umejifunika siku tisa mfululizo na jua ni habari ya kusimuliwa.

Bibi hakujua kusoma, lakini alipenda habari. Alikaa karibu na mafiga, kibuyu cha maziwa ubavuni, akaniambia nimsomee kile kitabu kwa lugha yetu ya nyumbani. Nikamwambia kusoma kunachosha koo. Hapo ndipo biashara ilipoanza. Tulikubaliana kikombe kimoja cha mtindi kwa habari moja. Siku ya kwanza nilimsomea juu ya meli ya Wafaransa iliyokwama mchangani karibu na pwani ya Afrika, na watu waliowekwa juu ya chelezo wakakatiwa kamba.

"Hii ni ya lini?" Bibi akauliza.

"Ya zamani kidogo, Bibi."

"Ya zamani ni nusu kikombe. Mtindi wangu ni wa leo."

"Lakini watu walikufa!"

"Waliokufa zamani hawaongezi bei. Na Akheri hakuna bahari. Shukuru umepata nusu."

Nililamba ile nusu nikitafakari. Siku ya pili nilisoma juu ya daktari mmoja wa Paris aliyeletewa msichana mgonjwa wa moyo. Badala ya kumwekea sikio kifuani, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza kwa mbali. Safari hii sikusema ni ya lini.

"Kwa nini asiweke sikio tu?"

"Aliona aibu, Bibi."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Huyo ni daktari wa kuaminika. Lete kikombe."

Kikombe kizima, kimejaa mpaka ukingoni.

Naomba jambo hili mliangalie kwa makini, kama mnavyoangalia chenji. Sikuwahi kusema uongo. Sikuwahi hata mara moja kusema mambo yale ni ya mwaka huu. Niliacha tu kusema ni ya mwaka gani. Mfanyabiashara hutangaza koti, hatangazi tundu la mfukoni. Mnunuzi ana mikono, atie mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojisemea, na kwa siku kadhaa biashara ilikwenda vizuri kuliko ya Mama. Nilimsomea juu ya nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari nyingine, iliyojitangazia uhuru mwezi wa saba, na Bibi akataka kujua wana ng'ombe wangapi. Nikamwambia wengi mno. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kikombe kizima.

Kisha nikafika kwenye habari ya jua.

Ilisema kwamba mwaka ule, huko Ulaya na Amerika, kiangazi hakikuja. Mwezi wa sita theluji ilianguka juu ya mahindi. Italia ilianguka theluji nyekundu. Mvua haikukoma, ngano ilioza shambani, watu wakapigania mikate barabarani. Majani ya kulishia mifugo yalikosekana. Waliowauza wanyama wao mapema walipata chochote, waliosubiri waliwatazama wakifia zizini. Jua lenyewe lilikuwa limefifia, lina madoa meusi ambayo mtu aliyaona kwa macho matupu. Na huko Italia, katika mji wa Bologna, mtazama nyota mmoja alitabiri kwamba tarehe kumi na nane ya mwezi wa saba jua litazimika kabisa.

Bibi alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukasimama.

"Mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba, Bibi."

"Tarehe?"

"Kumi na nane."

Aliinua macho akatazama nje, kwenye ukungu. Siku ile ilikuwa tarehe saba. Nilimwona anahesabu kwa vidole, mkono mmoja, mwingine, na kidole kimoja cha ziada. Kisha akahesabu tena. Tabia hii siku hizi watu husema nimeitoa sokoni, lakini wamekosea ukoo.

Akanimiminia kikombe. Nilipokimaliza akanimiminia cha pili.

Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Bibi hakuwahi, tangu nimfahamu, kulipa zaidi ya bei iliyokubaliwa. Lakini mtoto mwenye vikombe viwili tumboni hana mashaka na mtu.

"Usimwambie yeyote," alisema. "Habari ya namna hii anayeijua wa kwanza ndiye anayeuza kwa bei. Wa mwisho anauza ngozi."

Nikaapa. Nilifikiri anaongea tu.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa chumvi. Bibi alikwenda dukani kwa Mangi akarudi na chumvi. Kesho yake akaenda tena, chumvi. Siku ya tatu, chumvi. Mangi ndilo jina tulilomwita mwenye duka, kama Watanzania tunavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, zamani karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Ushirika ulipoanza kuyumba akapunguzwa kazi, akachukua kiinua mgongo chake, akafungua duka la mahindi, mafuta ya taa na vitu vidogo. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipima mahindi taratibu mno. Watu walisema anayepima taratibu ama ni mwaminifu sana, ama anatafuta nafasi.

Mimi nilianza kushuku. Mtu hanunui chumvi mara tatu kwa ajili ya chumvi. Jioni moja nikamfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya pipa, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya mtu asiyejali: "Na mahindi, gunia siku hizi shilingi ngapi? Mtu akitaka mengi je? Na mafuta ya taa, kwa debe?" Mangi akajibu. Bibi akaguna, akanunua chumvi, akaondoka.

Kesho yake nilirudi kutoka kukata majani nikakuta Mangi yumo bandani mwetu. Ameinama, ameshika mdomo wa Ada, anatazama meno.

Mzigo wa majani uliniporomoka kichwani. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeguswa mfukoni na kujua pochi imeshakwenda. Bibi alikuwa anamuuza Ada. Hakutaka fedha, maana jua likizimika fedha utaifanyia nini? Alitaka mahindi na mafuta ya taa. Chakula na mwanga. Ukiangalia alivyofikiri, hapakuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimelinywa mimi.

Mangi alipoondoka nilimfuata Bibi jikoni.

"Bibi, yale yalishapita."

"Yapi?"

"Ya jua. Ni ya mwaka elfu moja mia nane na kumi na sita. Zamani sana. Hata wewe hukuwepo."

Bibi alinitazama kama anavyotazama noti yenye rangi iliyokolea mno.

"Juzi yalikuwa yanakuja," alisema polepole. "Leo mtu ameingia bandani kumtazama Ada, yamepita."

"Kweli tena, Bibi! Imeandikwa hapa, ona, kila ukurasa."

"Mimi naona mikwaruzo." Akakifunga kitabu. "Anaeli, unafikiri mimi ni mtalii?"

Nilimwapia. Nililia. Kulia kulizidi kuniharibia, maana Bibi aliamini mwenye haki halii, hukasirika. Nikakasirika, lakini nilikuwa nimechelewa. Alichoniuliza baadaye ndicho kilichonifunga mdomo: "Kama ulijua ni ya zamani, kwa nini hukusema siku ile?"

Jibu nililijua. Lilikuwa na ladha ya mtindi. Nikanyamaza, na yeye akachukua ule unyamavu akauhesabu kama ushahidi.

Hata hivyo Bibi alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alisema kitabu kitasomwa na mtu mwingine. Tatizo ni kwamba siku zile za likizo, mtu mzima wa karibu aliyesoma Kiingereza kuliko mimi alikuwa mmoja tu. Alikuwa mnunuzi.

Mangi alikuja asubuhi ya tarehe kumi na tano, akajifuta matope mlangoni, akaamkia. "Shikamoo, Mama." Bibi akaitikia marahaba bila kumpa kigoda. Nikampa kitabu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mtu huyu anapata mtamba kwa nusu bei Bibi akiamini jua linazimika. Akisoma mwaka, hapati kitu. Mtu gani mwenye akili atausoma? Nilimtazama midomo kama ninavyotazama leo mkono wa mteja unaoingia chini ya rundo la nguo.

Alisoma kimya ukurasa mzima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, mtoto anasema kweli. Haya ni ya mwaka elfu moja mia nane na kumi na sita. Wote walioogopa siku ile wamekufa."

"Wamekufa kwa nini?"

"Kwa uzee, Mama!"

Nilitaka kumkumbatia. Kama angeishia pale, nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini Mangi alikuwa amewahi kuwa karani, na karani akipewa karatasi hawezi kuiacha kabla ya mwisho. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akatabasamu.

"Na sababu yake imeelezwa hapa. Haikuwa laana wala nini, usiogope kabisa. Ulikuwa mlima tu, Mama. Mlima ulipasuka huko Indonesia mwaka uliotangulia, vumbi lake likaziba jua dunia nzima. Mlima tu!"

Alisema mlima tu kama mtu anayemwambia mgonjwa ni mafua tu.

Bibi akageuka. Nyuma ya nyumba, juu ya migomba, mahali ambapo Meru husimama, palikuwa na ukuta wa ukungu. Sisi wa Akheri hatuhitaji kitabu cha mtu kuhusu habari hizo. Tunajua mlima wetu umebomoka upande wa mashariki kama chungu kilichopasukia motoni. Bibi alisimuliwa na mama yake mzazi jinsi alivyouona ukitoa moshi.

"Huo mlima wa huko," aliuliza, "watu wake walijua utapasuka?"

Mangi alitazama ukurasa. Nilimwombea asijue neno gumu la Kiingereza lililokuwa pale. Alilijua.

"Inasema walidhani umelala."

Bibi akakaza khanga kiunoni. "Haya. Tuongee bei."

Mangi alishtuka, au alijifanya kushtuka. Nimelipima jambo hili miaka yote na mizani bado inayumba. "Mama, si nimekwambia hakuna kitu? Mimi sichukui mnyama wa mtu aliyeogopa."

"Umeona kasoro gani kwa ng'ombe wangu?"

"Sijaona kasoro."

"Basi kwa nini unamkataa?"

"Simkatai! Nakwambia ukweli tu."

"Mnunuzi hasemi ukweli bure. Unashusha bei. Juzi ulisema magunia sita. Sasa ni kumi."

"Kumi! Mama, mtoto wako huyu ada yake..."

"Usimwingize mtoto. Mtoto ameshasema yake, wewe umesema yako, mmefanana kama mapacha. Mmepatana lini?"

Nilisimama pale katikati, nimeshikilia nguzo ya banda. Watu wawili walikuwa wakimwambia Bibi ukweli mtupu kwa wakati mmoja, na kila tulivyozidi kuusema ndivyo ulivyozidi kunuka. Kama mmoja wetu angedanganya kidogo, nadhani Ada angebaki. Kwa mfano, Mangi angesema kwa furaha kwamba kweli jua linazimika na yuko tayari kununua mara moja, Bibi angemfukuza na kumfungia mlango.

Wakabishana mpaka uji ukapoa. Walimalizia kwenye magunia manane ya mahindi, madebe mawili ya mafuta ya taa na blanketi moja. Ilikuwa nusu ya thamani ya Ada, na blanketi lilikuwa jembamba. Mangi alikubali akiwa anatikisa kichwa kwa huzuni. Lakini alikubali haraka mno kwa mtu aliyekuwa anakataa. Mchana huohuo magunia yalishuka, na Ada akatoka na kamba mpya shingoni. Alinigeukia mara moja, akaona sina majani, akaendelea na safari.

Tarehe kumi na nane jua halikuonekana.

Jua lisingeonekana vyovyote vile. Ilikuwa Julai, Akheri, na ukungu ulikuwa umekaa kama mgeni asiyeaga. Lakini Bibi aliketi mlangoni na blanketi lake jipya tangu asubuhi. Saa sita mchana, kulipokuwa kijivu kuliko kawaida, akawasha taa. Akanielekezea ile taa kwa kidevu. Tarehe ishirini na moja wingu lilipasuka, mwanga ukamwagika juu ya majani ya migomba yaliyolowa, na mlima ukasimama mzima mahali pake, mweusi na msafi.

"Tumepona," Bibi alisema, "kwa sababu tulijiandaa."

Mama alikuja mwisho wa mwezi. Hakupiga kelele. Alimwamkia Bibi, akaenda bandani, akarudi. Akayahesabu magunia. Akayahesabu tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kile kitabu cha kilo mbili kimeishia wapi?" Nikamwambia Bibi amekitumia kuwashia moto, na ilikuwa kweli.

Nilifaulu. Barua ya shule ilikuja na karatasi ya ada nyuma yake, na magunia mawili ya mahindi yakiwa yameshaliwa na dumuzi. Mengine tulikula. Mwaka ule nilikaa mjini na Mama nikikunja majaketi na kujifunza kusema bei ya juu bila kupepesa macho. Mwaka uliofuata Mama alipata ada kwa jasho lake, nikaenda, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu darasani. Dukani kwa Mangi sikukanyaga tena. Niliamini alituibia. Nilipokosa la kuamini juu yake, niliamini Bibi alikuwa mzee mkaidi. Hizo zilikuwa hesabu zangu, na nilizifunga hivyo kwa miaka mingi.

Bibi alipofariki, siku ya tatu ya matanga, wanawake walikaa jikoni wakimenya ndizi, nami nikiwasaidia, na Mama akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Bibi alipokuwa bi harusi hakuwa Akheri. Aliolewa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, kwenye malisho. Wakati ule wa wakoloni ilikuja karatasi ikasomwa mbele ya watu: ardhi hii imegawiwa walowezi, ondokeni kabla ya siku fulani. Bibi alimwambia baba mkwe wake wauze ng'ombe mapema. Lakini mtu mmoja aliyesoma, mwenye heshima zake, alikuja nyumbani akaishika ile karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akacheka. Akawaambia msiogope. Shauri limepelekwa kwa wakubwa. Karatasi hii imeshakufa.

Baba mkwe akafurahi, akamchinjia mbuzi.

Walipokuja kuwahamisha, nyumba zilichomwa na ng'ombe walisukumwa njia ndefu, kwenye mvua na baridi, kuzunguka mlima. Wengi walifia njiani. Bibi alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Yule mtoto hakuwa Baba. Alikuwa wa kabla ya Baba, na Mama hakuendelea zaidi, akarudi kwenye ndizi zake.

Niliacha kisu. Nilimwona Mangi mlangoni mwetu na miwani yake ya uzi, ameshika karatasi, anamwambia mwanamke yuleyule: usiogope, hii imeshakufa. Kwa wema kabisa. Hakuna maneno mengine duniani ambayo yangemuuza Ada kwa hakika kuliko hayo. Bibi hakuwa mjinga wa miaka. Katika maisha yake habari mbaya ilikuwa imesema kweli, na aliyewatuliza ndiye aliyewaponza. Aliuliza mwezi, akauliza tarehe. Mwaka hakuuliza, kwa sababu kwake mwaka wa kuhamishwa ulikuwa haujaisha.

Sasa nina shida, ndiyo maana nawaandikia.

Mangi bado yuko hai. Anaishi Moshono kwa binti yake, mzee sana, haoni vizuri. Wiki iliyopita yule binti alikuja kibandani kwangu, akajifanya anachagua sweta, kisha akatoa ujumbe. Baba yake ana mtamba. Ni wa uzao wa Ada, kizazi cha sita au cha saba, hana uhakika. Anataka kunipa, bila shilingi, kabla hajafa. Anasema alimwambia Bibi ukweli mara mbili, lakini mara ya tatu alinyamaza akachukua, na ile mara ya tatu ndiyo inayomnyima raha. Anataka jibu kabla ya Jumapili.

Nimejaribu kumshuku. Nimeuliza kama mtamba ana ugonjwa, kama kuna kesi ya shamba, kama kuna mjukuu anayetafuta kazi. Hakuna. Ni mzee tu anayetaka kulipa.

Lakini anamlipa nani? Bibi alikufa akiamini alifanya biashara bora kuliko zote Akheri, na nikimpokea mtamba nitakuwa nimesema mbele za watu kwamba aliibiwa. Nikimkataa, mzee wa watu anakufa na mzigo ambao nusu yake, nikihesabu vizuri, si wake. Maana kabla yeye hajanyamaza, mimi nilikuwa nimeshanyamaza siku sita, na sikuwahi kumwambia Bibi kwa nini. Ninyi mnaojua mambo ya haki kuliko mimi, nishaurini. Yeye anataka kunilipa mimi, na mimi niliyepaswa kumlipa Bibi nimekuta kaburi. Nimpokee yule mtamba, au niende Moshono nikamwambie mzee kwamba aliyepaswa kuja kuomba radhi siku zote nilikuwa mimi?